George Brown wa Toronto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi hukutana na jina la George Brown kwa sababu ya chuo kimoja cha Toronto, wakadhani ni jina la mfadhili fulani aliyetoa pesa za majengo. Huyu alikuwa mwenye gazeti, mwenye mashamba na viwanda vya mbao, na mwanasiasa aliyeitikisa Kanada kwa miaka thelathini. Haya ndiyo maswali ambayo watu huuliza zaidi juu yake. Baadhi ya majibu nimeyarefusha makusudi, hasa la Juni 1864, kwa sababu vitabu vingi hulipita jambo hilo kwa sentensi moja, na mimi naamini ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya.

Alizaliwa wapi, na kwa nini aliondoka kwao?

Alizaliwa Alloa, Scotland, tarehe 29 Novemba 1818, akakulia Edinburgh. Baba yake, Peter Brown, alikuwa mfanyabiashara na wakati huohuo mkusanyaji wa kodi za mji. Pesa za mji zikachanganyika na za biashara, biashara ikayumba, na deni likabaki shingoni mwa mzee. Mwaka 1837 baba na mwana wakapanda meli kwenda New York kuanza upya. Huko wakafungua duka, kisha mwaka 1842 mzee akaanzisha gazeti dogo la kuwahudumia wahamiaji wenzake kutoka Uingereza na Scotland.

Ukitaka kumwelewa George, anzia hapo. Alimwona baba aliyemheshimu akiporomoka kwa sababu ya hesabu za umma, na maisha yake yote hakuwa na subira na mtu yeyote aliyezichezea pesa za serikali.

Aliingiaje kwenye magazeti?

Mwaka 1843 baba yake alimtuma Kanada kutafuta wanunuzi. Ulikuwa mwaka ambao Kanisa la Scotland lilipasuka, na Wapresbiteri wa Toronto walioegemea upande wa Kanisa Huru walihitaji gazeti la kuwasemea. Wakaiomba familia ya Brown ihamie huko. Gazeti lao la kwanza, Banner, lilitoka Agosti mwaka huo. Tarehe 5 Machi 1844, George akiwa na miaka 25, akaanzisha lake mwenyewe: Globe.

Watu hupenda kuzungumzia tahariri zake kali, lakini aliwashinda wenzake kwa mashine. Mwaka uleule wa kwanza aliagiza kutoka New York mtambo wa kuchapia wa Hoe, ambao hakuna mwingine katika sehemu ile ya nchi aliyekuwa nao. Kwa hiyo alichapa haraka, akachapa na kazi za watu wengine kwa malipo. Gazeti lilianza kwa kutoka mara moja kwa wiki, na mwaka 1853 likawa la kila siku. Reli zilipotandazwa miaka hiyohiyo, Globe lilipakiwa kwenye treni na kuwafikia wakulima wa mbali likiwa bado jipya. Wako waliolichukia, lakini hata hao walilisoma.

Utajiri wake wote ulitokana na gazeti?

Hapana. Miaka ya 1850 alinunua ardhi kubwa ya misitu kusini-magharibi, kando ya reli ya Great Western, akapima viwanja na kuanzisha mji wa Bothwell. Akaweka mashine za kupasua mbao na kiwanda cha samani. Miaka ya 1860 mafuta yakagunduliwa eneo hilo, bei ya ardhi ikapaa, naye akauza kwa faida kubwa. Fedha hizo zilimwezesha kununua Bow Park, shamba karibu na Brantford, ambako alifuga ng'ombe wa mbegu aina ya Shorthorn.

Shamba hilo alilipenda kuliko kitu chochote alichomiliki, na halikumlipa. Ng'ombe wa mbegu ni ghali, hula sana, na soko lao ni la watu wachache. Hadi anakufa alikuwa bado anahangaika na wanahisa wa Scotland aliowaingiza ili kuliokoa.

Ni kweli alipigana na utumwa?

Ni kweli. Uingereza ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake, hivyo mtoro kutoka Marekani aliyevuka mpaka na kuingia Kanada alikuwa huru. Mwaka 1850 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwakamata watoro hata katika majimbo yasiyo na utumwa, na maelfu wakakimbilia kaskazini. Februari 1851 chama cha kupinga utumwa kikaundwa Toronto. George alikuwa kwenye kamati yake, na katibu wake alikuwa shemeji yake, Thomas Henning.

Maneno ya mikutanoni ni rahisi. Kura ni kitu kingine. Mwishoni mwa 1851 Brown aligombea ubunge katika wilaya ya Kent, palepale ambapo mchungaji William King alikuwa ameanzisha makazi ya Buxton kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Wazungu wengi wa pale hawakuwataka majirani hao, na walikuwepo wanasiasa waliotaka makazi yafungwe. Mgombea wa kuhesabu kura angenyamaza. Brown hakunyamaza, na akashinda.

Kisha kikaja kisa cha John Anderson. Alikuwa mtumwa Missouri, akatoroka mwaka 1853, na mtu aliyejaribu kumkamata njiani akachomwa kisu na kufa. Mwaka 1860 Marekani ikadai arudishwe kama muuaji, na mahakama ya Toronto ikakubali. Globe lilipiga kelele siku baada ya siku: mtu anayejitetea asirudishwe utumwani anawezaje kuitwa muuaji? Februari 1861 mahakama nyingine ikamwachia huru. Anderson akaenda Uingereza kusoma, na mwishoni mwa 1862 akapanda meli kwenda Liberia.

Kisa cha gereza la Kingston ni kipi?

Gereza hilo lilifunguliwa mwaka 1835, na sheria yake kuu ilikuwa ukimya: mfungwa asiseme na mwenzake, asicheke, asimtazame. Mwaka 1848 serikali iliunda tume ya kuchunguza malalamiko juu ya mkuu wa gereza, Henry Smith, na Brown akawa katibu wa tume hiyo. Taarifa iliyotoka mwaka uliofuata ni vigumu kuisoma hata leo. Peter Charboneau, mtoto wa miaka kumi, alichapwa mara 57 ndani ya miezi minane na nusu. Makosa yake yalikuwa kutazama na kucheka. Alec Lafleur, wa miaka 11, alichapwa mkesha wa Krismasi 1844 kwa sababu alisema Kifaransa.

Smith aliondolewa. Lakini alikuwa na rafiki bungeni, mbunge wa Kingston, wakili kijana aitwaye John A. Macdonald, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kanada.

Ndiyo sababu Brown na Macdonald walichukiana?

Ndipo ilipoanzia. Mwaka 1856 Macdonald alisimama bungeni akamtuhumu Brown kwamba katika tume ile alighushi ushahidi na kuwafundisha mashahidi la kusema. Kwa mtu kama Brown, ambaye jina la baba yake lilikuwa limeshachafuka mara moja, hakukuwa na tusi kubwa zaidi ya hilo. Kamati ikaundwa kuchunguza, tuhuma hazikuthibitishwa, lakini kidonda hakikupona. Tangu hapo hawakusemezana isipokuwa kwa shughuli za bunge.

Hata kwa tabia walikuwa mbalimbali. Macdonald alikuwa mcheshi, mnywaji, fundi wa kupatana na watu faraghani. Brown alikuwa mrefu, mwenye sauti kubwa, mtu wa takwimu na mahubiri, aliyeshindwa kabisa kuficha hasira yake.

"Viti kwa idadi ya watu" ilikuwa na maana gani?

Mwaka 1841 Uingereza iliunganisha sehemu mbili, Kanada Magharibi (Ontario ya leo) na Kanada Mashariki (Quebec ya leo), chini ya bunge moja. Kila sehemu ilipewa viti sawa, ingawa Mashariki, yenye Wafaransa wengi, ilikuwa na watu wengi zaidi. Sensa ya 1851 ikaonyesha mambo yamegeuka: Magharibi watu 952,000, Mashariki 890,000. Kufikia 1861 Magharibi walikuwa karibu milioni 1.4 na Mashariki milioni 1.1, na viti bado ni 65 kwa 65.

Brown alidai viti vifuate idadi ya watu. Wafaransa waliona kifo chao hapo, kwamba wangemezwa na Waingereza kwa lugha, shule na dini, na hofu yao haikuwa ya bure. Wakati usawa uliwanufaisha Waingereza, Waingereza hawakuuona kuwa na kasoro.

Alikuwa na chuki dhidi ya Wakatoliki?

Aliandika, na aliruhusu yaandikwe, mambo dhidi ya Kanisa Katoliki ambayo siwezi kuyatetea. Msingi wa hoja yake ulikuwa kwamba serikali isifadhili shule za dhehebu lolote, likiwemo lake, na hoja hiyo inajadilika. Lakini kwenye kurasa za Globe hoja iligeuka kejeli dhidi ya mapadri, Waayalandi na Wafaransa. Mtu aliyeumia kwa ajili ya mtoto aliyechapwa kwa kusema Kifaransa alikuwa na gazeti lililowatukana wazazi wa mtoto huyo. Mambo yote mawili ni yake.

Ni kweli aliongoza serikali kwa siku mbili tu?

Kweli. Mwishoni mwa Julai 1858 serikali ya Macdonald na mwenzake wa Mashariki, George-Étienne Cartier, ilijiuzulu, na mwanzoni mwa Agosti Brown akaapishwa pamoja na Antoine-Aimé Dorion, naye wa Mashariki. Sheria ya wakati huo ilimtaka mbunge anayepewa uwaziri aache kiti na kugombea upya, hivyo mawaziri wote wapya wakatoka bungeni, na upande wao ukapungukiwa kura papo hapo. Gavana akakataa kuitisha uchaguzi mkuu. Serikali ikaanguka.

Macdonald na wenzake waliporudi, hawakugombea upya. Sheria ilimsamehe waziri aliyehama wizara moja kwenda nyingine ndani ya mwezi mmoja, basi wakaapishwa kwenye wizara tofauti, na muda mfupi baadaye kila mmoja akarudi kwenye wizara yake ya zamani. Mahakama ikasema hakuna sheria iliyovunjwa.

Mke wake alikuwa nani?

Anne Nelson. Mwaka 1861 Brown alishindwa uchaguzi na kuugua sana. Mwaka uliofuata akaenda Scotland kupumzika, na Novemba 1862 akamwoa Anne mjini Edinburgh. Brown alikuwa na miaka 44 kasoro siku mbili. Familia ya bibi harusi ndiyo iliyomiliki kampuni ya uchapaji ya Thomas Nelson na Wanawe. Wasomaji wetu wenye umri wanaijua chapa hiyo kwenye majalada ya vitabu vya zamani vya Kiswahili. Ni kampuni hiyohiyo.

Watu waliomfahamu Brown walisema alirudi Toronto mtu mwingine. Hasira ilipungua. Kila alipokuwa mbali alimwandikia Anne karibu kila siku, na barua hizo leo ni kati ya kumbukumbu bora kabisa za jinsi Kanada ilivyozaliwa. Wapo wanahistoria waliodiriki kumwita Anne mama wa Shirikisho, yaani muungano wa makoloni uliozaa Kanada mwaka 1867. Mimi siwapingi.

Nini hasa kilitokea Juni 1864?

Ndani ya miaka mitatu Kanada ilikuwa imepita kwenye chaguzi mbili na serikali nne zilizokwama. Kila upande ulikuwa na nusu ya bunge, hakuna aliyeweza kutawala. Brown, akiwa upinzani, aliomba kamati ya vyama vyote itafute dawa. Aliiongoza mwenyewe, na inasemwa alifunga mlango na kuwaambia wajumbe wazungumze. Tarehe 14 Juni kamati ilileta taarifa: wengi wanaona njia ni shirikisho. Macdonald alipinga taarifa hiyo. Siku hiyohiyo serikali yake ikaanguka.

Hapo ndipo kila mwanasiasa wa kawaida angesugua viganja. Adui yako ameanguka, chama chako kina nguvu, gazeti lako ndilo kubwa kuliko yote. Subiri uchaguzi, ummalize. Badala yake Brown aliwatuma watu kwa wapinzani wake na ujumbe: kama mko tayari kulimaliza tatizo hili la katiba moja kwa moja, mimi nitawaunga mkono.

Tarehe 17 Juni, katika hoteli ya St. Louis mjini Quebec, Macdonald na waziri wa fedha, Alexander Galt, wakabisha hodi chumbani kwake. Fikiria salamu ya Brown na Macdonald baada ya miaka yote ile. Brown hakutaka uwaziri, alitaka kusaidia akiwa nje. Gavana Mkuu, Lord Monck, alimsihi aingie, akijua kwamba bila yeye ndani mpango ungevunjika. Akaingia, pamoja na Oliver Mowat na William McDougall.

Alipolitangazia bunge kwamba ameungana na maadui zake kwa ajili ya nchi, sauti ilimkwama. Wabunge wa pande zote wakamkimbilia, na mbunge mmoja mfupi wa Kifaransa alimrukia akaning'inia shingoni mwake. Wafaransa walimwona Brown kuwa adui wao namba moja, ndiyo maana naona kukumbatiwa huku kuna uzito kuliko hotuba zote zilizofuata.

Alifanya nini katika mikutano ya Charlottetown na Quebec?

Septemba 1864 mawaziri wa Kanada walisafiri kwa meli ya Queen Victoria hadi Charlottetown, Kisiwa cha Prince Edward, kuyashawishi makoloni ya pwani ya Atlantiki. Mjini kulikuwa na sarakasi, hoteli zimejaa, na aliyetoka kuwapokea alikuwa mwenyeji mmoja tu ndani ya mtumbwi. Brown ndiye aliyeeleza muundo wa serikali: mamlaka yapi ya taifa, yapi ya majimbo.

Oktoba, mjini Quebec, waliandika maazimio 72. Bunge la chini likapata viti kwa idadi ya watu, kama alivyodai miaka yote. Seneti ikawa na usawa wa kanda. Na Quebec ikapata bunge lake lenye mamlaka juu ya shule na sheria zake. Baada ya mkutano alimwandikia Anne kwa furaha kama mtoto, akisema katiba imepita na dhuluma zote wamezifuta. Katika barua hiyohiyo alishangilia kwamba Ufaransa wa Kanada umezimwa kabisa. Alikosea. Katiba aliyosaidia kuiandika ndiyo iliyoulinda.

Na kuna watu ambao hawakuwa mezani kabisa. Tangu miaka ya 1850 Globe lilihimiza Kanada ichukue ardhi za Hudson's Bay, kampuni ya biashara ya manyoya, upande wa magharibi. Wametisi (watu wa asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu) na mataifa ya wenyeji waliokuwa wakiishi huko hawakuulizwa, na mwaka 1869 Wametisi wa Red River, katika Manitoba ya leo, walisimama kupinga.

Kwa nini basi hakuwa waziri mkuu wa kwanza?

Desemba 1865 alijiuzulu kwa kutokubaliana na wenzake juu ya mazungumzo ya biashara na Marekani, ingawa aliendelea kuliunga mkono Shirikisho. Mwaka 1867 aligombea kiti cha South Ontario akashindwa, na hakurudi tena kwenye bunge la kuchaguliwa. Gavana alikuwa ameshamkabidhi Macdonald kazi ya kuunda serikali. Desemba 1873 Brown aliteuliwa seneta, na mwaka 1874 akaenda Washington kujadili mkataba wa biashara, ambao Seneti ya Marekani haikuuridhia.

Alikuwa upande gani katika mgomo wa wachapaji wa 1872?

Upande wa waajiri, na ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Wapangaji herufi wa Toronto walidai kazi ya saa tisa kwa siku, saa 54 kwa wiki. Brown aliona ni upuuzi: yeye mwenyewe alifanya kazi hadi usiku wa manane, na aliamini mkataba ni jambo la mtu na mwajiri wake, chama kisiingilie. Mgomo ulianza 25 Machi. Tarehe 15 Aprili watu wapatao 10,000 waliandamana hadi Queen's Park. Kesho yake viongozi wa mgomo walikamatwa kwa kosa la kula njama, maana sheria ya zamani ilikihesabu chama cha wafanyakazi kuwa njama.

Macdonald aliiona nafasi, na mwezi Juni bunge lake likapitisha sheria ya kuvihalalisha vyama vya wafanyakazi. Mtu aliyesimama na mtoro wa Missouri alishindwa kuwaona watu waliosimama mbele ya mitambo yake kila usiku. Hili linaniuma zaidi katika maisha yake yote, kwa sababu hakuhitaji kwenda mbali kuwasikiliza.

Aliuawa na nani?

George Bennett, aliyekuwa mfanyakazi wa chumba cha boila katika Globe, akafukuzwa kwa ulevi. Tarehe 25 Machi 1880, miaka minane kamili tangu mgomo uanze, aliingia ofisini kwa Brown akitaka asaini cheti kwamba amefanya kazi hapo miaka mitano. Brown akamwambia aende kwa msimamizi wake. Bennett akatoa bastola. Brown, mwenye miaka 61 na bado mwenye nguvu, aliudaka mkono, wakang'ang'ania, risasi ikampata pajani.

Ilionekana jeraha dogo. Alirudi nyumbani, akaendelea kupokea watu wa kazi kitandani. Kidonda kikaoza, homa ikapanda, na tarehe 9 Mei akafariki. Amezikwa katika makaburi ya Necropolis, Toronto. Bennett alinyongwa mwezi Julai.

Familia yake iliishia wapi?

Anne alirudi Scotland na watoto. Mabinti wawili, Margaret na Edith, walikuwa kati ya wanawake wa kwanza kabisa kuhitimu Chuo Kikuu cha Toronto, mwaka 1885. Mwana, George Mackenzie Brown, aliingia kampuni ya wajomba zake, na mwaka 1900 akachaguliwa mbunge wa Edinburgh ya Kati.

Je, Globe and Mail la leo ndilo gazeti lake?

Ndilo, nusu yake. Mwaka 1872 wafuasi wa Macdonald, kwa msukumo wake mwenyewe, walianzisha gazeti la Mail ili kupambana na Globe. Mail baadaye likaungana na Empire, gazeti jingine la chama cha Macdonald, na mwaka 1936 yote yakaunganishwa na Globe. Ukifungua ukurasa wa tahariri bado utaikuta kauli ambayo Brown aliichagua kwa gazeti lake, kutoka kwa mwandishi wa karne ya 18 aliyejiita Junius: raia aliye mwaminifu kweli kwa mtawala hatashauri, wala hatakubali, hatua za kidhalimu.